Fidia ya ardhi kwa miradi ya barabara nchini Tanzania

Fidia ya ardhi kwa miradi ya barabara ni malipo ambayo serikali au mamlaka ya barabara inatakiwa kumpa mtu, familia au kijiji ambacho ardhi yake, nyumba yake au mazao yake yanachukuliwa ili kupisha ujenzi au upanuzi wa barabara. Nchini Tanzania msingi wa haki hiyo ni Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 24, inayolinda haki ya kumiliki mali na kukataza mtu kunyang'anywa mali yake pasipo sheria yenye masharti ya kutoa fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaeleza zaidi kwamba fidia hiyo lazima iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati.

Migogoro mingi ya fidia inahusu sifa hizo tatu. Kabla ya hapo huja swali la kwanza: je, nyumba ilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara au nje yake? Mwenye nyumba iliyo nje hulipwa. Mwenye nyumba iliyo ndani huhesabiwa kuwa mvamizi, na kwa kawaida huondoka bila malipo hata kama ameishi hapo miaka mingi.

Makala hii inahusu Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria zake.

## Historia

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyotungwa wakati wa utawala wa Waingereza, ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya usimamizi wa Gavana. Baada ya uhuru mamlaka hayo yalihamia kwa Rais, ambaye hadi leo anashikilia ardhi yote kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Raia hamiliki ardhi yenyewe moja kwa moja, bali ana haki ya kuitumia na kuikalia. Haki hiyo inaweza kuwa ya kupewa na serikali kwa hati au ya kimila.

Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 ilimpa Rais uwezo wa kutwaa ardhi yoyote kwa manufaa ya umma, zikiwemo barabara. Chini ya sheria hiyo fidia ya ardhi tupu ilibanwa sana. Kilichohesabiwa ni maendelezo yaliyofanywa juu ya ardhi, kama nyumba, visima na mazao ya kudumu. Mkulima aliyeacha shamba lipumzike, au mwenye kiwanja ambacho hakijajengwa, aliweza kuondoka na kidogo sana au asipate kitu.

Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamishia mamilioni ya watu katika vijiji vya ujamaa. Vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara ili huduma zifike kwa urahisi. Barabara hizo zilipokuja kupanuliwa, vizazi vilivyofuata vya wakazi hao vilijikuta katika njia ya upanuzi.

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu muhimu katika kesi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay. Kesi hiyo ilihusu ardhi ya kimila iliyochukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji, pamoja na sheria ya mwaka 1992 iliyotaka kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoundwa wakati huo. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Ilisema pia kwamba fidia haiishii kwenye majengo na mazao tu: mtu aliyetia jasho lake katika ardhi anastahili kufidiwa hata kama hakuna jengo juu yake.

Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na sheria mbili za mwaka 1999, yaani Sheria ya Ardhi (Na. 4) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Na. 5), zilifuata mwelekeo huo. Tangu hapo sheria inatambua kwamba haki katika ardhi yenyewe ina thamani, na kwamba thamani hiyo lazima izingatiwe katika fidia.

## Hifadhi ya barabara

Hifadhi ya barabara ni ukanda wa ardhi pande zote mbili za barabara uliotengwa kwa ajili ya matengenezo, mifereji na upanuzi wa baadaye. Hupimwa kuanzia katikati ya barabara. Ukanda huo ni sehemu ya ardhi ya hifadhi, kwa hiyo hauhesabiwi kuwa ardhi ya kijiji hata kama unapita katikati ya kijiji.

Kwa muda mrefu hifadhi ya barabara kuu nyingi ilikuwa mita 22.5 kila upande, yaani jumla ya mita 45. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana huo kuwa mita 30 kila upande, jumla mita 60. Kwa hiyo mita 7.5 za kila upande ambazo zamani zilikuwa za wananchi ziliingia ndani ya hifadhi. Walioishi katika ukanda huo kabla ya sheria mpya hawakuwa wavamizi, kwani barabara ndiyo iliyowafuata.

Kutokana na mabadiliko hayo, Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) ulianza kuweka alama za rangi mbili kwenye nyumba:

* X nyekundu ina maana kwamba jengo liko ndani ya hifadhi ya zamani. Mwenyewe anatakiwa kulibomoa na hana haki ya fidia.
* X ya kijani ina maana kwamba jengo liko katika eneo lililoongezwa na sheria ya 2007. Mwenyewe ana haki ya fidia pindi eneo hilo litakapohitajika.

Mwenye X ya kijani hufikiwa na fidia pale tu mradi unapofika kwake. Kabla ya hapo nyumba yake inabaki na alama. Si rahisi kuiuza, kuiwekea rehani benki wala kuongeza chumba, na hakuna tarehe iliyopangwa ya kuondoka. Hali hiyo inaweza kudumu miaka mingi.

Si barabara zote zilizo na kipimo kimoja. Barabara ya Morogoro, inayotoka Dar es Salaam, ina hifadhi pana kuliko kawaida katika sehemu ya Kimara hadi Kiluvya, takriban mita 121 kila upande, kutokana na matangazo ya serikali ya zamani. Mwaka 2017, wakati wa kuandaa upanuzi wa barabara kati ya Kimara na Kibaha, mamia ya nyumba katika ukanda huo zilibomolewa. Baadhi ya wakazi walidai kwamba walikuwa wameishi hapo kwa muda mrefu, na wengine walikuwa wameunganishiwa maji na umeme. Serikali ilishikilia kwamba walikuwa ndani ya hifadhi. Huduma za maji na umeme, kodi ya majengo au ofisi ya serikali ya mtaa katika eneo fulani si ushahidi wa umiliki halali wa ardhi mbele ya sheria, ingawa wananchi wengi huziona hivyo.

## Utaratibu wa kutwaa ardhi

Ardhi inapohitajika nje ya hifadhi iliyopo, hatua kuu ni hizi:

1. Uchunguzi wa awali. Wapimaji huruhusiwa kuingia katika ardhi ili kupima na kuweka alama. Uharibifu wowote watakaoufanya unapaswa kulipwa.
2. Taarifa ya kusudio la kutwaa. Wenye maslahi katika ardhi hupewa taarifa, nayo hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kwa kawaida muda wa kukabidhi ardhi haupungui wiki sita, isipokuwa pale Rais anapothibitisha dharura.
3. Uthamini. Mthamini aliyesajiliwa huorodhesha ardhi, majengo na mazao mbele ya mwenye mali na kiongozi wa mtaa au kijiji. Kwa kawaida mwenye mali hupigwa picha mbele ya nyumba yake akiwa ameshika kibao chenye namba yake, kisha hutia saini fomu.
4. Kuidhinishwa. Jedwali la fidia hupelekwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Bila idhini yake malipo hayawezi kufanyika.
5. Malipo na kuondoka. Mwenye mali hulipwa, kisha hupewa muda wa kuhama.

Maendelezo yanayofanywa baada ya taarifa ya kutwaa kutolewa hayahesabiwi. Lengo la kanuni hiyo ni kuwazuia watu wanaokimbilia kujenga vibanda au kupanda miche ili walipwe. Lakini inamfunga pia mwenye nyumba wa kweli. Paa likivuja baada ya uthamini, huogopa kulitengeneza kwa kuwa gharama hiyo haitarudi.

### Ardhi ya kijiji

Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ili itwaliwe, Rais lazima kwanza aihamishe kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla au ya hifadhi. Taarifa hutolewa kwa halmashauri ya kijiji, nayo huwafahamisha wanakijiji ambao haki zao zitaguswa. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua kukubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa maoni na uamuzi ni wa Waziri.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji inakataza kuhamisha ardhi kabla ya kukubaliana aina ya fidia, kiasi chake, njia ya kulipa na wakati wa kulipa. Hii ni kinga kubwa, lakini inategemea wanakijiji kuifahamu na kuhudhuria mkutano. Muhtasari wa mkutano huo, ukiwa na orodha ya mahudhurio na saini, ni hati muhimu endapo mgogoro utafika mahakamani.

Malisho, visima vya pamoja, misitu ya kijiji na viwanja vya shule havina mtu mmoja wa kuvidai. Fidia yake ni ya kijiji chote, na halmashauri inawajibika kuieleza matumizi yake mbele ya mkutano mkuu.

## Vipengele vya fidia

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi na kanuni zake za mwaka 2001, fidia kamili ina sehemu zifuatazo:

* Thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake. Hupatikana kwa kulinganisha na mauzo ya karibuni ya mali zinazofanana, kwa kuangalia kipato inachoingiza, au kwa gharama ya kujenga upya ikiwa mali ni ya aina ya pekee isiyouzwa sokoni.
* Posho ya usumbufu, yaani thamani hiyo ikizidishwa kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara hutoa kwa amana za miezi 12.
* Posho ya makazi, yaani kodi ya nyumba ya mwezi mmoja kwa bei ya soko, mara miezi 36.
* Posho ya usafiri, yaani gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20.
* Upotevu wa faida kwa mwenye biashara, yaani faida halisi ya mwezi mara miezi 36, ikithibitishwa na hesabu zilizokaguliwa.
* Gharama nyingine za moja kwa moja, ikiwemo gharama ya kupata ardhi hiyo.

Posho za makazi na usafiri na malipo ya upotevu wa faida hazitolewi kwa ardhi ambayo haikuwa ikikaliwa.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha hesabu hiyo. Tuseme nyumba na kiwanja vimethaminiwa shilingi 30,000,000, wastani wa riba ya amana ni asilimia 6, kodi ya nyumba kama hiyo ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na kusafirisha tani moja kwa kilomita moja ni shilingi 1,000.

* Thamani ya soko: 30,000,000
* Posho ya usumbufu (30,000,000 × 6%): 1,800,000
* Posho ya makazi (100,000 × 36): 3,600,000
* Posho ya usafiri (12 × 20 × 1,000): 240,000
* Jumla: shilingi 35,640,000

Mfano unaonyesha kwamba thamani ya soko ndiyo inayobeba karibu uzito wote. Mthamini akiikadiria chini, posho ya usumbufu nayo hupungua kwa sababu hukokotolewa kutoka humo.

Sehemu tu ya kiwanja inapotwaliwa, Sheria ya mwaka 1967 inataka izingatiwe hasara ya kukatwa kwa kiwanja hicho. Inataka pia lizingatiwe ongezeko la thamani ambalo barabara mpya inaweza kuleta kwa kipande kilichobaki.

Fidia si lazima iwe fedha taslimu peke yake. Kanuni zinaruhusu pia kiwanja au jengo la ubora unaolingana, miche na mbegu, au chakula kwa muda maalumu. Hata hivyo, uchaguzi huo uko mikononi mwa serikali.

Makaburi yana sheria yake, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Familia hulipwa gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na gharama za ibada au matambiko yanayohitajika. Kaburi halithaminiwi kama mali.

## Muda wa malipo

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inaeleza maana ya kulipa kwa wakati. Fidia inapaswa kulipwa ndani ya miezi sita tangu uthamini ulipoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Baada ya hapo huongezewa riba kwa kiwango cha wastani cha benki za biashara. Miaka miwili ikipita bila malipo, uthamini huo hufa na lazima ufanyike mpya.

Tukirudi kwenye mfano wa juu, malipo yakichelewa miezi 18 tangu idhini, miezi 6 ya kwanza haina riba. Miezi 12 inayobaki, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, huongeza shilingi 2,138,400. Ikiwa katika muda huo bei za viwanja, saruji na mabati zimepanda kwa zaidi ya asilimia 6, mwenye nyumba hupata fedha nyingi kwa hesabu lakini hawezi kununua mahali pa kufanana na pale alipotoka.

## Malalamiko ya kawaida

Uchakavu. Katika utendaji nyumba nyingi hukadiriwa kwa gharama ya kuijenga upya ikipunguzwa uchakavu. Nyumba ya miaka 30 hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika hesabu, lakini mwenyewe hawezi kununua saruji iliyochakaa. Hulazimika kujenga nyumba mpya kwa bei mpya.

Biashara ndogo. Mama lishe, fundi baiskeli na mwenye genge hupata riziki yao kando ya barabara, lakini hawana hesabu zilizokaguliwa. Bila hati hiyo madai ya upotevu wa faida hukwama.

Wapangaji. Fidia ya jengo huenda kwa mwenye nyumba. Mpangaji hubaki na kazi ya kutafuta makazi mengine.

Jina la mlipwaji. Mali iliyoandikwa jina la marehemu hailipwi mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Mali ya wanandoa ikiandikwa jina la mmoja, mwingine anaweza kukuta fedha zimekwisha kutumika.

## Kupinga kiwango cha fidia

Mtu asiyeridhika anaweza kwanza kuandika malalamiko kwa mthamini na kwa mamlaka inayotwaa, akieleza kilichoachwa au kilichokosewa, kwa mfano chumba ambacho hakikuhesabiwa. Makosa ya kuorodhesha hurekebishwa kwa urahisi zaidi kabla jedwali halijaidhinishwa. Ndiyo maana ni muhimu kubaki na nakala ya fomu iliyotiwa saini.

Kutokubaliana kukiendelea kwa wiki sita tangu taarifa ya kutwaa kutolewa, shauri linaweza kupelekwa Mahakama Kuu. Anayetaka kuishtaki serikali hutakiwa kutoa notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika kesi. Rufaa huenda Mahakama ya Rufani.

Kupokea malipo kabla ya kulalamika kunaweza kutumiwa kama hoja kwamba mlipwaji aliridhika. Kwa hiyo mwenye malalamiko hushauriwa kuyaandika kabla ya kusaini au wakati wa kusaini.

## Miradi ya wafadhili na nchi jirani

Miradi inayogharimiwa na Benki ya Dunia hufuata pia masharti ya benki hiyo. Masharti hayo yanataka fidia itoshe kupata mali nyingine ya kufanana nayo bila kupunguza uchakavu, na ilipwe kabla ya watu kuhamishwa. Aidha, asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi hulipwa jengo lake na kusaidiwa kuhama. Hivyo watu wawili wenye nyumba zinazofanana wanaweza kutendewa tofauti kwa sababu tu barabara zao zina wafadhili tofauti.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inataka fidia ya haki, kamili na ya haraka, na utwaaji husimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Kanuni za mwaka 2017 huongeza asilimia 15 juu ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu. Kwa ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, fidia hushikiliwa na serikali ya kaunti kama amana mpaka jamii itakaposajili ardhi yake.

Nchini Uganda, Katiba inataka fidia ilipwe kabla serikali haijachukua ardhi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilithibitisha sharti hilo katika kesi ya wananchi dhidi ya Mamlaka ya Barabara ya Taifa, iliyotokana na ujenzi wa barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya. Mahakama ilisema kwamba kifungu cha Sheria ya Utwaaji Ardhi kilichoruhusu kuchukua ardhi kabla ya kulipa kinapingana na Katiba.

## Tazama pia

* Ardhi ya kijiji
* Hatimiliki
* Operesheni Vijiji
* TANROADS
* Mahakama ya Rufani ya Tanzania